Hoja Dhidi ya Mpiga Ngoma Wetu

Mpaka leo watu wakianza kubishania wapiga ngoma, mimi nanyanyua kiti changu na kuondoka. Mmoja atasema mpiga ngoma wa bendi fulani ya roki ana mikono minne. Mwingine atajibu kwamba huyo ni wa kelele tu, hana mwendo. Wa tatu atawanyamazisha wote wawili kwa jina la mtu ambaye yeye mwenyewe hajamsikia ila kwenye redio ya jirani. Ubishi huo najua unavyokwenda, na najua unakoishia. Niliwahi kushinda mmoja, na sijapona ushindi ule.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, hapa Kalemie, mji ungali na jina lake la Kizungu kwenye bango la stesheni. Treni za kutoka Kabalo zilikuwa zimeanza kufika tena, mara tatu kwa juma zikijaliwa, na sisi vijana tulikuwa na kiu ya jambo lolote lisilokuwa vita. Rumba ilitujia kwa redio kutoka mji mkuu. Roki na twisti zilitujia kwa ziwa, ndani ya mifuko ya mabaharia na wachuuzi waliotoka Kigoma na Usumbura. Kundi letu lilijaribu kupiga zote mbili. Tulikuwa watu tisa: watano walipiga, wanne tulikuwa na vyeo.

Nisiwacheke peke yao, maana nami nilikuwa na cheo. Uhuru ulikuwa umetufundisha bunge kabla ya kutufundisha kitu kingine chochote. Vijana wawili wakitaka kucheza karata, kwanza walichagua rais wa kikao. Kundi letu lilikuwa na rais, makamu, mshauri wa ufundi, na sekretere, ambaye ni mimi, kwa sababu nilifanya kazi ya kuandika karatasi za mizigo katika biro, ofisi ya stesheni, na mwandiko wangu ulisifiwa. Kila jambo lilipita kwa hoja. Tuanze na wimbo gani, nani akae karibu na dirisha, nani alivunja kiti: hoja, majadiliano, mikono juu, kisha mimi naandika proseverbali, yaani maandishi ya kikao, katika daftari lenye jalada jeusi. Kengele ya rais ilikuwa kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao.

Tulikutana Jumapili baada ya misa ya pili, katika ukumbi wa serkle, klabu ya zamani ya wafanyakazi wa reli. Madirisha yake yalitazama ziwa. Upepo wa adhuhuri ulipoingia, matoazi ya ngoma yalilia yenyewe, kidogo sana, kama mtu anayegusa glasi kwa ukucha, na sisi tulikuwa tukinyamaza bila kuambiana.

Matoazi hayo aliyatengeneza mpiga ngoma wetu. Kila kitu alikitengeneza yeye. Ngoma kubwa ilikuwa pipa lililowahi kubeba mawese, limekatwa na kuvikwa ngozi ya mbuzi. Ndogo zilivikwa ngozi ya kenge. Matoazi yalitoka kwenye bati la shaba la garimoshi lililokufa. Kikanyagio cha ngoma kubwa, ambacho yeye alikiita pedali na alikipenda kuliko vyote, alikuwa amekiunga kutoka kwenye cherehani mbovu ya shangazi yake na springi ya breki ya baiskeli. Kilishikwa na parafujo moja tu, ya masikio, unayoifungua kwa vidole viwili.

Alikuwa Mholoholo wa pwani ya ziwa, mtu wa miaka ishirini na tano hivi, mpole kiasi cha kuudhi. Kazi yake katika reli ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama, alipita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hunong'ona. Alikuwa hajui kusoma sana, lakini wakubwa wa reli walisimamisha treni nzima kwa neno lake.

Sisi, katika serkle, hatukumpa hata dakika mbili.

Jambo lilianza na gramafoni ya umeme. Ilikuwa mali ya serkle, ilikaa kabatini ikiwa mbovu, mpaka mzee mmoja wa karakana ya reli akaichukua na kuifungua. Tulimwita Papa Fundi, na nusu ya mafundi wa mji huu walifundishwa na yeye. Kile kipande kidogo cha shaba kinachovaa kwenye mhimili wa mota, kinachozungusha sahani, kilikuwa kimepotea. Akakereza kingine kwenye mashine ya karakana, kwa kukisia, akakiweka, na gramafoni ikaimba. Kitu alichokigusa Papa Fundi hakikuwa na kosa. Hiyo haikuwa hoja, hatukuipigia kura.

Sahani tuliyokuwa nayo ya roki ilikuwa moja. Wazungu wanne, magitaa ya umeme, hakuna anayeimba upande wa kwanza, mmoja anaimba upande wa pili. Mpiga ngoma wao alitutia wazimu. Alikimbia kama mvua inayopita juu ya mabati. Tuliisikiliza sahani ile mpaka ikaanza kupauka, na tuliapa kwamba tutaipiga hivyo hivyo au tuache muziki.

Mateso yakaanza. Wapiga gitaa walikaza nyuzi zao zifuate sauti ya sahani, na nyuzi zikakatika. Nyuzi zenyewe zilikuwa uzi wa waya wa breki za baiskeli, na kila Jumapili baiskeli moja ya mji ilibaki bila breki. Mwimbaji wetu alipanda, akapanda, sauti ikampasuka. Akawa anakunywa maji ya ndimu na chumvi na kulaumu vumbi la stesheni. Na mpiga ngoma alibaki nyuma. Si sana. Alipiga vizuri, mguu wake ulitua kama mtu anayeijua njia, lakini sahani ilikuwa mbele yake siku zote.

Jumapili moja aliweka vijiti chini katikati ya wimbo.

“Hii disiki inakimbia,” alisema.

“Inakimbia, ndiyo!” akacheka mpiga gitaa wa kwanza, kijana wa bandari mwenye ulimi wa wembe. “Njo roki yenyewe, baba. Weye ulitaka itembee na fimbo?”

“Hapana. Nasema mashine inaikimbiza. Sikilizeni ule muntu anaimba upande wa pili. Muntu mukubwa hana sauti kama ile. Iko kama mutoto.”

“Wazungu wanaimba hivyo.”

“Na matoazi yake. Shaba hailii vile. Inalia kama imebanwa.”

Papa Fundi alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake ya kazi juu ya goti. Sote tulimwangalia yeye, kisha tukamwangalia mpiga ngoma, na niliona aibu kwa niaba yake. Kumbe mtu akishindwa hata mashine ya mzee ataitukana! Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikuandika maneno yale. Niliyahesabu kuwa kisingizio, na visingizio, nilijiambia, havina nafasi katika proseverbali.

Juma lililofuata mwaliko ukaja. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma, mtu wa dagaa na chumvi, alikuwa anamwoza binti yake, akataka kundi la ng'ambo lije lipige. Kuvuka ziwa na magitaa! Hatukulala kwa furaha. Na hapo hapo makamu wa rais akaleta mtu mpya: karani wa posta aliyehamishwa kutoka Bukavu, mwembamba, nywele zimechanwa na mafuta, mikono myepesi kama ya mtu anayepiga muhuri barua mia kwa dakika. Akakaa kwenye zile ngoma za mapipa, sahani ikawekwa, na akaifuata. Alikosa mengi njiani, lakini alifika nayo pamoja.

Basi ikaletwa hoja: nani anakwenda Kigoma?

Niliiandika mimi hoja ile, na niliitetea mimi. Nilikuwa nimesoma vitabu, nilipenda sauti yangu, na sikuwahi kupewa jambo kubwa hivyo la kusemea. Nilisema mpiga ngoma ni moyo wa bendi, na moyo unaochelewa ni ugonjwa. Nilisema dunia imebadili mwendo na Kongo haiwezi kuingia dunia hiyo kwa kuburura mguu. Walipiga makofi. Rais aligonga kengele yake ya baiskeli.

“Naomba neno, Rais,” alisema Papa Fundi, ambaye hakuwa mwanachama, ila nani angemkatalia mzee? “Miye sijui hiyo roki yenu. Lakini muntu wa kupiga haraka iko kama muntu wa kula haraka. Anamaliza mbele ya wengine, ndiyo. Utamu aliuona wapi?”

“Asante, Papa,” alisema rais. “Sekretere, usiandike hiyo.”

Mpiga ngoma naye aliinua mkono. Mkono ule ule mzito wa nyundo, umeinuliwa kama wa mwanafunzi. Rais alimtazama, akanitazama mimi, mjuzi wa sheria. Nikasema kwamba kwa taratibu za mabunge yote, mtu anayehusika na hoja hasemi juu ya hoja. Sikujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui.

Mikono sita dhidi ya miwili. Aliangalia mikono ile ikiwa hewani, akaihesabu kwa macho, kisha akauliza swali moja tu.

“Na ngoma?”

“Ngoma ni za grupe,” alijibu makamu.

“Muzuri,” alisema. “Ile ngozi ya ngoma kubwa, muiweke juani kidogo mbele ya kupiga. Ziwa litailegeza.” Akaenda zake.

Kigoma walitupokea vizuri, wakatulisha wali na migebuka, wakatupa nafasi chini ya turubai. Tukaanza na ile roki. Karani wa posta alikwenda kama mtu anayefukuzwa na nyuki, sisi tukamfuata, uzi mmoja ukakatika, wa pili ukakatika, na watu waliosimama kucheza wakajaribu, wakacheka, wakajaribu tena, wakarudi mmoja mmoja kwenye viti vyao. Bibi mmoja wa pale, shangazi wa bwana harusi nadhani, alimwuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika kote:

“Hawa wageni, wana meli wanaiwahi?”

Tulipopumzika, ndugu wa bibi harusi akatoa gramafoni yake mpya, ya kutumia mawe ya redio, yaani betri, akaweka sahani. Nikatambua wimbo ule wetu wa roki kwa noti ya kwanza, kisha nikaupoteza. Ulikuwa wenyewe na haukuwa wenyewe. Mpiga gitaa wetu alikuwa wa kwanza kusema.

“Ndugu, mawe yako yamekwisha. Badilisha.”

Yule kijana, kwa adabu, akabadilisha. Mawe mapya kutoka kwenye karatasi. Akarudisha sindano mwanzo. Magitaa yakaja manene, yametulia. Chini yao mpiga ngoma alitembea, hakukimbia. Mguu ukatua, ukangoja, ukatua. Akageuza upande wa pili, na aliyeimba alikuwa mwanamume mzima, mwenye kifua. Watu walikuwa wamesimama wote wanacheza. Nami niliujua mguu ule, ulitua kama wa mpiga ngoma wetu. Niliusikia kila Jumapili kwa mwaka mzima, kisha nikaupinga kwa hotuba.

Ungedhani hapo ubishi ungekwisha. Hamjui kundi letu. Ndani ya meli, saa zote za kurudi, walibishana ni mashine ipi inayosema uongo.

“Nani amesema ya Kigoma njo ya haki?” alifoka makamu. “Kwa sababu ni mpya? Vitu vya sasa havina kazi.”

“Na ile sauti ya mutoto?”

“Labda ni mutoto! Wewe umemuona?”

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye ukingo wa meli nikitazama maji. Nilitaka kupiga kelele. Kitu chepesi kabisa, ambacho mtoto wa darasa la tatu angefanya, hakuna aliyekifanya. Sahani yenyewe imeandikwa juu yake ni mizunguko mingapi kwa dakika. Arobaini na tano. Tulikuwa na macho, tulikuwa na saa, tulikuwa na hoja mia moja katika daftari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu.

Jumapili iliyofuata nilikuja na chaki na saa ya mfukoni niliyoiazima kwa mkuu wa stesheni. Papa Fundi alikuwepo. Niliweka alama nyeupe kwenye karatasi ya katikati ya sahani, tukaiacha izunguke bila sindano, tukahesabu kwa sauti, watu tisa, kama watoto wa katekisimu. Hamsini na mbili. Tukarudia. Hamsini na mbili.

Papa Fundi alisimama. Alifungua mashine, akatoa kile kipande cha shaba, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza. “Unene wa ukucha,” alisema. Akakitia mfukoni na kuondoka bila kuvaa kofia yake. Siku ya tatu kilirudi kimepunguzwa. Ni yeye peke yake katika habari hii aliyesahihisha kosa lake bila mkutano.

Mimi nilikwenda kwenye reli na karatasi. Nilikuwa nimeandika proseverbali mpya, nzuri, ya kurasa mbili. Nilimkuta mpiga ngoma kati ya mabehewa ya Kabalo, nyundo begani. Nilimsomea. Nilisoma kwamba kundi limegundua kasoro ya mashine. Kwamba hoja ya awali ilijengwa juu ya kasoro hiyo. Kwamba mpiga ngoma anaalikwa kurudi kwa heshima zote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aligonga gurudumu, akaegemeza sikio, akasonga.

“Umeandika mashine ilikosea,” alisema.

“Ndiyo, kaka.”

“Umeandika nyinyi mulivumbua.”

“Ndiyo.”

“Wapi umeandika kama nilisema?”

Nilifungua kurasa kana kwamba ningeyakuta maneno yale humo. Jua lilikuwa linachoma chuma, harufu ya mafuta mazito ikapanda. Nilitoa kalamu ya risasi, nikaweka karatasi kwenye ngazi ya behewa, nikaandika pale pale, pembeni: kwamba siku fulani mpiga ngoma alisema mbele ya wote kuwa sahani inakimbizwa, na sekretere hakuandika. Nikamwonyesha. Alilifuata kila neno kwa kidole.

“Risasi inafutika,” alisema. “Andika na wino. Na usome mbele yao, ile kengele yenu ilie. Nitakuja.”

Alikuja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha karibu na ngoma zake, mikono juu ya magoti. Nilisimama na kusoma. Nilipofika kwenye ule mstari wa wino, makamu alikuwa amekwisha simama.

“Hoja ya utaratibu, Rais! Proseverbali iliyopitishwa haibadilishwi.”

“Haibadilishwi, inaongezewa,” nilisema.

“Inaongezewa na nani? Na sekretere aliyekosa? Basi tumjadili kwanza sekretere!”

“Na miye je?” alidakia karani wa posta. “Mukiandika alisema ukweli, mimi nilipiga uongo?”

Wakaanza. Wallahi wakaanza upya, tangu mwanzo. Je, mtu akisema kweli kwa bahati ni kweli? Je, mpiga ngoma wa sahani, akipunguzwa mwendo, bado ni bora kuliko wetu? Mpiga gitaa akasema sasa ameshuka, hana ajabu. Mwingine akasema ndiyo kwanza amepanda. Nami, Mungu anisamehe, nikaingia. Niliona hoja dhaifu ya makamu imekaa mbele yangu kama kuku aliyefungwa miguu, nikashindwa kuiacha. Nilisema, nikajibiwa, nikasema tena, na maneno yangu yalikuwa mazuri. Nilimtetea mtu aliyekaa hatua nne kutoka kwangu, na kwa muda wote huo sikumtazama hata mara moja.

Kengele ikalia. Mikono sita juu, mitatu chini: mstari wa wino ukae. Niliuandikia tarehe na sahihi, nikapuliza wino ukauke, nikainua kichwa kumwambia.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi kwa upepo, na matoazi yalikuwa yanalia kidogo.

“Ametoka kukojoa,” alisema mtu.

Tulingoja. Kisha rais, ambaye alikuwa amechoka kungoja, akasema basi tujaribu huku tukimsubiri, mashine sasa ni nzima. Sahani ikawekwa. Ikaja ile sauti nene, iliyotulia, na karani wa posta akakaa, akashika vijiti, akatega sikio asikie mahali pa kuingia. Akakanyaga.

Mguu ukagonga sakafu. Akainama kutazama. Pale chini ya ngoma kubwa palikuwa na tundu moja la parafujo, na duara safi kwenye vumbi ambapo pedali ilikuwa imekaa. Akakanyaga tena, sijui kwa nini, mahali pale pale, na sahani ikaendelea kuzunguka kwa mwendo wake wa haki.